Maharage ya Kaka Juu ya Chemchemi

Ni mimi niliyewang'olesha watu miti yao, sikatai. Kule kwetu upande wa Kalembe, chemchemi ilipojengewa ukuta na bomba, nilichaguliwa kuongoza komite ya maji. Nikafundishwa kwamba mikaratusi hunywa maji mengi mno, na kwamba mlima ulio juu ya chemchemi uachiwe nyasi na maharage. Nikayasema hayo kanisani baada ya ibada, tena na tena, hadi watoto wakawa wananiigiza.

Akina mama walikubali shingo upande. Jirani yangu, mjane, alikuwa na miti ya kutosha kumwezekea mwanawe nyumba. Aliing'oa siku ya salongo, kazi yetu ya pamoja, kisha akaniuliza kama na mwenye shamba la juu kabisa atafanya hivyo. Shamba hilo ni la kaka yangu mkubwa, aliyenilea baba alipofariki. Nikasema huyo namjibia mimi mwenyewe.

Mwaka wa tatu bomba likawa linatoa maji kama mkojo wa mtoto. Nililaumu kiangazi. Niliwagombeza hata wanaofulia pale karibu, Mungu anisamehe. Na kila nilipoinua macho niliona maharage ya kaka yamepanda fito zake vizuri, nikajivuna.

Siku moja nikapanda huko kuomba mbegu. Nikashika ufito mmoja, haukutikisika. Ulikuwa na mizizi. Alikuwa amepanda mikaratusi mistari kwa mistari, akiikata kila iliporefuka na kuuza fito sokoni, na maharage yakiifunika wasiione walio bondeni.

Nilimuuliza kaka, aliyekuwa akilima hapo hapo, tangu lini. Akasema tangu mwaka ule niliochaguliwa. Hakuacha hata kulima.

"Nilipanda hapa sababu wewe njo uko mu komite," akasema. "Nani angekuya kuangaria shamba ya kaka yako?"

Sikuchukua mbegu. Nilishuka moja kwa moja hadi kwa mjane, nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Nikamweleza yote, nikamwomba aite wenzake waje na mapanga tuikate ile miti, nami nitatangulia. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitegemea atapiga kelele, na nilitaka apige. Akaweka mchi chini, akanitazama kwa upole.

"Mama, sisi tunayua tangu zamani," akasema. "Tulizani ni wewe njo ulimupatia ruhusa."