Pemba kwenye Mguu wa Malkia

Mwanangu, uliponiambia juzi kwamba kazi yako huko maabara ni kutafuta tabaka la kufunika vyuma vinavyowekwa mwilini, ili mwili usivikatae, nilicheka hadi machozi. Nakumbuka siku moja ya usichana wangu nilipofundishwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu ya mbuzi wa mama yangu.

Mbuzi mwenyewe aliitwa Malkia, na kwa kiburi jina lilimfaa. Mama alimfuga shambani kwetu Annexe, pembezoni mwa mji, akimpenda, nadhani, kuliko alivyotupenda sisi. Krismasi ilikuwa inakaribia Malkia alipoanguka mtaroni akavunjika mguu. Majirani wakaanza kuulizia sufuria. Mama akalia. Nami, mwanafunzi wa kemia mwenye maneno mengi, nikaapa kwamba Malkia hataliwa: daktari wa mifugo angeunga mfupa kwa skrubu ya titani, na skrubu ningeiandaa mimi.

Baba yangu alikuwa mtu wa tanuru la shaba. Kwetu, kila Jumamosi, watoto tulisugua vyombo vya shaba mpaka tuone nyuso zetu. Chuma kisichong'aa kilikuwa aibu ya nyumba. Basi nikaisugua skrubu ile kutwa nzima, nikampelekea Mama Mbombo, profesa wangu, nikingoja sifa. Mzee yule aliigeuzageuza vidoleni, akanitazama juu ya miwani.

"Iko muzuri sana. Unataka mufupa ijiangalie ndani?"

Nikaitazama: uso wangu ulikuwa humo.

"Sikiya, mutoto. Ukuta ikiwa laini, simenti inaanguka. Mufupa nayo iko vile vile, inatafuta fasi ya kushika. Kisha, kwetu mugeni wa furaha tunamupaka pemba, bantu bote bajue ni wetu. Hii chuma yako inaingia uchi. Nani ataipokea?"

Pemba, kama hujaiona, ni ule udongo mweupe ambao wazee wetu hupaka mikononi mtoto anapozaliwa. Tukaikwaruza skrubu, tukaifunika kwa tabaka jembamba, jeupe, la madini yale yale yanayojenga mfupa. Ikapoteza mng'ao wote. Roho iliniuma, maana nilijua Baba angenicheka. Daktari akaifunga mfupani mwa Malkia hivyo hivyo.

Krismasi tulikula bukari, ugali wetu, na samaki, na hakuna aliyethubutu kulalamika mbele ya Mama. Wiki zikapita. Hatimaye daktari akapiga picha ya mfupa, akafungua bendeji, akaujaribu mguu. Mfupa ulikuwa umeishika skrubu barabara. Malkia akasimama, akatuzunguka kwa dharau, kisha akaanza kutafuna mkanda wa mkoba wa Mama Mbombo. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mama Mbombo aliokoa mkoba wake, akatoa humo pemba aliyokuja nayo, akampaka Mama mikononi, akanipaka mimi, akamalizia na pua ya mbuzi. Furaha ile ninayo hata leo.

Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti. Usiulize kwanza kama kazi yako inapendeza machoni pako. Uliza mwili utakaoishi nayo unahitaji nini. Na ukiingia nyumba za watu, ukweni au ugenini, fanya hivyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mungu aibariki mikono yako. Vyuma vyako vipokelewe kama ndugu, walioumia wasimame wacheze, na wewe, kila mlango utakaoingia, ukute mtu anakungoja na pemba mkononi.