Jina la Evoluwe

Nakumbuka ile siku mzungu alipofunua vyungu vyangu pale Kasongo, mwanangu, na hasira yangu haijapoa hata leo.

Mume wangu, karani wa serikali, alitaka aitwe evoluwe. Maana yake mtu mweusi aliyesogea karibu na mzungu, asichapwe tena fimbo kama wenzake. Lakini kwanza mzungu aje nyumbani, achungulie jikoni, apapase mashuka, atazame kama mke anakula mezani kwa uma. Ni adabu gani hiyo, kupapasa shuka la watu?

Siku hiyo mama mkwe alikuwa amefika kwa miguu kutoka Wamaza. Kwetu, mama akimtembelea mwanawe, mkono wake ndio unaingia wa kwanza katika chakula. Nyumba nzima inangoja. Mume wangu akamkalisha jikoni, kwenye moshi.

Mzungu akachungulia humo, akauliza, "Na huyu ni nani?"

"Ni mutu wa kutwanga tu, Bwana."

Mama yake mzazi, huyo. Aliyemnyonyesha. Nikaacha uma mezani, nikabeba wali na sombe, yale majani ya muhogo, nikaenda kukaa chini kando ya yule mama.

"Mama, anza wewe."

Akaanza. Nami nikafuata kwa vidole. Mzungu akacheka, akasema, "Hawa bado," akaenda zake.

"Umeniharibia jina," mume wangu akaningurumia.

"Jina nilikupa mimi," mama yake akasema, akilamba vidole. "Hilo ingine iko ya wenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mutoto wangu."

Kesho yake akarudi Wamaza. Kwetu hakukanyaga tena mpaka kufa.

Mume wangu akaomba upya, akapewa, akatembea kifua mbele. Kisha siasa za uhuru zikafika, na vijana waliokuwa wakimvulia kofia wakamzomea sokoni, "Evoluwe, mbwa wa mzungu." Naye akaapa hajawahi kuwa evoluwe. Neno ni lile lile: jana taji, leo matope. Na mama ameshazikwa.

Basi sikia, mwanangu. Wakikuletea jina la siasa, liwe tamu namna gani, uliza kwanza: nani atafichwa jikoni ili mimi niitwe hivi? Kama ni mama yako, litemee mate.

Mungu akupe chakula cha kutosha, na mkono wa mama yako uingie wa kwanza.