Jina la Mpiga Upinde

Mvua ilitukuta tukiwa bado kwenye foleni ya mpakani Busia, nami nikaanza kupanga balaa moja baada ya lingine. Barabara ya Tororo, ng'ambo ya Uganda, itakuwa imejaa maji. Chumba tulichoweka kitakuwa kinavuja. Afisa atafungua begi, azione dadu zetu za pande ishirini, adhani sisi ni wacheza kamari. Ndivyo nilivyo. Nikipewa mapumziko, nayajaza wasiwasi hadi pomoni.

Begi lilifunguliwa kweli.

"Hii nini?" afisa akauliza, dadu kiganjani.

"Ni mchezo, afande," akajibu rafiki yangu anayeshughulikia mizigo ya watu forodhani, ambaye sisi humwita Wakala na ambaye hajui kuogopa sare. "Tunajifanya watu wengine. Mimi huwa mzee mbilikimo mwenye shoka."

Afisa akampima urefu kwa macho, kuanzia viatuni hadi kichwani, akaangua kicheko na kuturudishia begi.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjamzito wa miezi saba, na alikuwa ameshapoteza mimba mbili kabla ya hiyo. Safari ilikuwa wazo lake. Alisema nyumbani kila mtu humwangalia tumbo badala ya uso, naye anataka wikendi moja ya kuangaliwa kama mtu. Nilikubali, kisha nikajilaumu kila tulipopita shimo barabarani.

Tororo hatukuiona. Mwamba wake, unaoonekana kutoka mbali siku za jua, ulikuwa umefichwa na wingu, na mitaro ilikuwa imefurika hadi kwenye vibaraza vya maduka. Tukajifungia kwenye nyumba ya wageni, tukaagiza chai ya maziwa na chapati, tukatandaza ramani mezani.

Mchezo wetu hauna mshindi. Mimi ndiye msimulizi. Naeleza yanayotokea katika nchi ya kufikirika tuliyoitunga wenyewe, wao wanasema wahusika wao wanafanya nini, na jambo likiwa la hatari dadu inaamua. Ni nchi ya majitu na uganga, ila mtu wa Busia akiiona ramani yake ataitambua tu: mto mmoja, falme mbili, na katikati geti ambapo joka hulala likidai stakabadhi. Sheria yetu haina huruma. Dadu hutupwa kwenye sinia la bati katikati ya meza, wote wakiona, na ikishaanguka haigeuzwi.

Safari hii Mwalimu alikuja na mhusika mpya, binti mpiga upinde. Alimpa jina la kizamani, la bibi zetu, ambalo siku hizi hulisikii. Kila zamu yake ilipofika alilitamka kamili, taratibu, hata pale "yeye" ingetosha. Halafu alikuwa akibonyeza tumbo upande wa kushoto, anakunywa soda baridi, anabonyeza tena.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Niko sawa. Endelea."

Nikaendelea. Mvua ya nje ilikuwa imeniingia kichwani, kwa hiyo niliwafikisha kwenye mto uliofurika, na daraja likakatika chini ya mpiga upinde.

"Tupa dadu," nikasema. "Ikiwa chini ya kumi, maji yanamchukua."

Hakutupa. Aliikumbatia dadu kwa vidole.

"Siwezi," akasema. "Hilo jina ni lake." Na mkono wa pili akauweka tumboni.

Kwetu mtoto aliye tumboni hatajwi jina. Hanunuliwi hata soksi. Hata sisi tuliosoma, tunaojaza viti vya kanisani kila Jumapili, hapo hatujaribu. Mwalimu alikuwa ameliweka jina la bibi yake moyoni tangu mimba ya kwanza, hana pa kulisemea, akaona katika nchi yetu isiyokuwepo atalitamka bila kumdhuru mtu. Na mimi nikalitupa mtoni.

"Nimekosea," nikasema haraka. "Daraja liko imara. Amevuka."

"Futa hiyo stori yote," Wakala akanikaripia. "Hata mto, futa."

"Si daraja," Mwalimu akasema. "Mtoto hajacheza tumboni tangu tuvuke mpaka."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, kwa dakika nzima nilimkasirikia kwa kutuacha tukila chapati huku yeye akiungojea mguu mdogo peke yake. Kisha hofu ikanijaa, hasira ikakosa nafasi.

Mwenye nyumba ya wageni alitupeleka kliniki kwa gari lake. Wakala, asiyeogopa sare, alikuwa akiuma kola ya sweta yake. Nilitaka kusali, nikajikuta narudia kitu kimoja tu: amevuka, amevuka.

Kliniki ilikuwa ndogo, ya mabati. Muuguzi, mama wa makamo aliyevaa gambuti, alimlaza Mwalimu, akaweka paipu ya mbao tumboni na kuinamisha sikio. Akaisogeza. Akaisogeza tena. Uso wake haukuonyesha chochote, nikauchukia uso ule.

"Mvua nasumbua," akasema. "Sisikii kitu. Tunangoja."

"Tungoje nini, sista?" Wakala akafoka.

"Mvua ipunguze. Wewe kaa chini."

Tukakaa, tukiitazama dari. Sijawahi kuichukia mvua namna ile, mimi mtoto wa wakulima. Mwalimu alikuwa amefumba macho, amenishika mkono. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, nami nililijua neno analolirudia. Nilitaka kumwambia anyamaze, na nilitaka asinyamaze.

Mabati yalipotulia kidogo, muuguzi akainama tena. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Kisha, bila kuinua kichwa, akaanza kugonga chuma cha kitanda kwa ukucha, haraka haraka, tuk-tuk-tuk-tuk.

"Moyo yake nakwenda hivi," akasema. Mara paipu ikaruka kidogo chini ya sikio lake. "Eh! Na sasa napiga mimi teke. Ilikuwa nalala tu. Lakini kesho asubuhi mwende hospitali kubwa, wapime vizuri."

Wakala, mzee mbilikimo mwenye shoka, alilia kwa sauti hadi wagonjwa wa barazani wakachungulia. Mimi nilicheka na kulia pamoja, sijui kipi kilianza.

Muuguzi akaipangusa paipu kwa pamba, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mutoto na nguvu hivi," akasema. "Jina yake nani?"

"Bado hana," tukajibu sote watatu kwa mpigo, na Mwalimu akanibana mkono hadi ukauma.