Pancha Zilizonifuata Mimi, Zikamwacha Yona

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili ile ambayo begi la Yona lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa karibu na mlango, na mimi nimepiga magoti uani nikijaza upepo tairi la nyuma la baiskeli kwa nguvu zangu zote. Baba alikuwa ameamua kwamba siku hiyo Yona arudi kwao Ibaba, huko Ileje. Sababu ilikuwa pancha. Ukisikia hivyo unaweza kucheka, lakini nyumbani kwetu siku ile hakuna aliyecheka.

Yona ni mtoto wa shangazi yangu, mdogo kwangu kidogo. Alikuja kukaa nasi Iyula ili ajifunze useremala kwa fundi mmoja wa Vwawa. Akiondoka kwetu, useremala wake ungeishia hapo, maana hakuwa na kwingine kwa kulala. Na shangazi yangu angepokea mwana aliyerudishwa na kaka yake mwenyewe kama mhalifu.

Baiskeli yenyewe baba aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa Mzambia aliyekuwa akiuza vitu vilivyokwisha tumika. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, ile ya usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo na matairi membamba. Baba alidhani tutabebea kahawa. Mama aliizunguka mara mbili, akauliza debe la mahindi linakaa wapi. Halikuwa na pa kukaa. Lakini ukiifikisha kwenye lami na kuielekeza Tunduma, mwanangu, nisikudanganye, moyo ulikuwa unakimbia mbele ya magurudumu. Malori tuliyoyazoea kuyaona yakitupita, sasa sisi ndio tulioyapita kwenye foleni, tukisikia madereva wakitupigia honi kwa furaha.

Tuligawana zamu, leo mimi, kesho Yona. Kutoka nyumbani mpaka lami tuliibeba begani, tukiogopa miiba na mawe ya njia ya vumbi. Akina mama waliokuwa wakichuma kahawa kando ya njia hawakutuacha.

"Leo tena baiskeli imekupanda wewe?" waliuliza, na walicheka hata kabla hatujajibu.

Kisha spoku moja ikakatika. Tukampelekea Simoni, fundi baiskeli wa pale sokoni, mtu mzuri na mwepesi wa mikono. Akaweka spoku mpya, akaninyooshea rimu, akaturudishia. Baada ya hapo ndipo pancha zilipoanza.

Zilianza kwangu. Nikitoka kwa zamu yangu narudi nimeibeba begani hata kwenye lami. Siku nyingine ilikuwa imeegemea ukuta tu, sijaipanda, nikasikia inapumua, nikatoka na kukuta tairi limelala. Simoni alikuwa akitoa tyubu, anaizamisha kwenye beseni la maji, anaona mapovu, anabandika kiraka, basi. Kesho zamu ya Yona, anakwenda na kurudi anapiga mluzi. Keshokutwa zamu yangu, pancha.

Simoni akaniuliza kwa utani kama nina mkosi au nina adui. Watu waliokuwa kibandani walicheka. Lakini neno adui lilitembea kutoka sokoni mpaka kwetu, na lilipofika halikuwa utani tena. Baba alipiga hesabu yake. Baiskeli ni moja, barabara ni moja, vijana ni wawili. Mmoja anapata pancha kila mara, mwingine hapati kabisa. Basi yule asiyepata ndiye anayejua sindano ya kutobolea tyubu iko wapi.

"Sijaigusa, mjomba," Yona alisema.

"Kwa hiyo pancha inachagua mtu?"

Nilikuwa na hasira ya kukosa zamu zangu, na hesabu ya baba ilionekana haina kasoro. Kilichonisumbua kilikuwa kimoja tu. Nilimjua Yona. Alikuwa mtu wa kusahau kufunga banda la kuku. Mtu wa namna hiyo hawezi kukumbuka kuchoma tyubu kila siku ya pili bila kukosea hata mara moja.

Jumamosi, Yona akikunja nguo zake ndani, nilikaa uani na gurudumu lenye pancha mapajani. Nikajiuliza swali ambalo sote hatukuwa tumeliuliza. Tulikuwa tumeuliza nani. Hatukuwa tumeuliza wapi.

Kabla ya kulitoa tairi nilichukua chaki nikaweka alama juu yake, sawa kabisa na pale valvu inapotokea. Ndipo nikaitoa tyubu, nikaijaza upepo kidogo, nikaizamisha kwenye maji. Mapovu yalitoka. Nikaifuta, nikaizungushia chaki tundu lile, kisha nikailaza tyubu juu ya tairi, valvu kwenye alama yake, kama vilivyokuwa vimekaa vikiwa pamoja.

Hapo niliinama kutazama vizuri, mwanangu. Tundu halikuwa upande wa nje, unaogusa tairi na kutazama barabara. Lilikuwa upande wa ndani, unaolalia rimu. Mwiba hauwezi kufika huko bila kupasua tyubu pande zote mbili. Sindano nayo haiwezi, kama mtu anaichoma kupitia tairi. Nilipitisha vidole ndani ya tairi polepole, kisha nikapitisha kitambaa ili kinase kama kuna ncha. Hakikunasa popote. Nikaviangalia viraka vya Simoni. Vyote, mwanangu, vyote vilikuwa upande wa ndani! Vilikuwa mbele ya macho yetu muda wote.

Nikaigeukia rimu. Ndani yake kuna matundu ambamo vichwa vya spoku hukaa, na juu ya matundu hayo huwekwa utepe ili tyubu isiyaguse. Utepe niliouona ulikuwa mpira, kipande kirefu cha tyubu kuukuu. Nilipoubonyeza kwa kidole juu ya tundu, ulizama kama ngozi ya ngoma iliyolegea. Nikarudi kwenye tyubu, na sasa niliona nilichokuwa nimekipita. Upande wote wa ndani ulikuwa na vivimbe vidogo vya mviringo, vimepangana kwa nafasi sawa kama vifungo vya shati. Nikapima nafasi hiyo kwa kijiti, nikakipeleka kwenye matundu ya rimu. Ilikuwa ileile.

Nilikimbia mpaka sokoni. Simoni alinieleza bila kuficha kwamba utepe wa zamani ulikuwa wa plastiki na umepasuka, akautupa, akaweka mpira kama anavyoweka kwenye baiskeli zote za kubebea kahawa. Na kwa baiskeli hizo hakukosea. Matairi yake ni mapana, upepo wake ni wa kiasi, mpira unatosha kabisa. Tairi jembamba linataka upepo mwingi uliobanana, na upepo huo ulikuwa ukiusukuma mpira ndani ya matundu, nayo tyubu ikiufuata humo mpaka inatoboka.

Lakini hesabu ya baba ilikuwa bado imesimama. Kwa nini mimi tu? Nilirudi nyumbani nikamkuta Yona amekaa kitandani.

"Zamu yako ikifika, unajaza upepo kiasi gani?"

Alitazama chini. "Usimwambie mjomba. Ile pampu ni ngumu, kaka. Najaza mpaka mikono iume, naacha."

"Inachukua muda kuuma?"

"Inauma mapema."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alidhani namdhihaki. Mimi nilikuwa nalijaza tairi mpaka nikilibinya kidole gumba kisizame, nikiamini ndiyo mwendo. Yona alikuwa anaendesha tairi nusu laini. Uvivu wake ndio uliokuwa unamlinda.

Ningeweza kumweleza baba usiku uleule, lakini nilimfahamu. Angesema nimepanga maneno ili nimwokoe ndugu yangu. Ndiyo maana Jumapili ile, tulipotoka kanisani, nilikuwa uani na pampu. Nilibandika kiraka, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na mpira uleule. Nilijaza upepo nilivyozoea, nikaisimamisha baiskeli katikati ya ua, juani, mbali na kila mtu. Nikamwomba baba akae kwenye kiti chake. Yona nikamketisha karibu naye, mikono juu ya magoti.

Tulikaa. Mama alichambua maharage. Jua lilipanda. Moyo wangu ulikuwa ukipiga kwa nguvu kuliko siku yoyote niliyopita na ile baiskeli kwenye lami, kwa sababu kama tairi lingekaa kimya, gari la Ileje lilikuwa linamsubiri Yona.

"Sasa tunaabudu baiskeli?" baba aliuliza.

"Bado kidogo, baba."

Alikwisha shika mikono ya kiti ili ainuke. Tairi likalia kama risasi. Kuku wakatawanyika, maharage ya mama yakamwagika. Baba alisimama, akaizunguka baiskeli, akalibonyeza tairi kwa mguu.

"Nani alikuwa karibu?"

"Kuku," mama alisema.

Nilifungua tairi mbele yake. Nilimwonyesha alama, nikailaza tyubu, nikakichukua kidole chake nikakizamisha kwenye mpira juu ya tundu. Aliuliza maswali mengi, naye hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Akaenda mlangoni, akaliinua begi la Yona, akaliingiza ndani mwenyewe. Kwetu mtu mzima habebi begi la kijana. Yona alilifahamu hilo, mimi pia, na mama aligeuza uso akaokota maharage yake taratibu.

"Kesho usichelewe kwa fundi wako," baba alisema kutoka ndani.

Utepe mpya tulikwenda kuutafuta Tunduma, kwa wauza mitumba. Ile mikanda migumu ya plastiki inayofunga marobota haivutiki hata kidogo. Tuliukata mmoja kwa upana wa rimu, tukalainisha ncha, tukauzungusha, tukajaza upepo mpaka Yona akaomba nimsaidie pampu. Tulirudi kwa zamu bila pancha hata moja. Simoni alipoona, akatuagiza tumletee fungu zima la mikanda ile.

Mwanangu, kitu kikikuharibikia mara moja, kitengeneze uendelee na safari. Kikikuharibikia tena na tena, kiraka hakitoshi. Weka alama kabla hujakifungua, ujue kipi kilikuwa wapi. Tazama jeraha liko upande gani, maana upande utakuambia adui alitoka barabarani au alikuwa ndani tangu mwanzo. Na ukiona balaa linakupata wewe na kumwacha mwenzako, usikimbilie kusema yeye ndiye aliyelileta. Muulize kwanza anafanyaje kazi ileile unayoifanya wewe. Mara nyingi tofauti ni ya mikono tu. Na kabla hujamtamkia mtu neno la kumwondoa nyumbani, kijaribu kitu hicho mahali ambapo mkono wake haufiki.

Mungu akupe subira ya kutafuta na furaha ya kupata. Akulinde kwenye miteremko, awalinde pia ndugu unaolala nao nyumba moja, na pasiwe na siku utakayomkosa mmoja wao kwa kosa ambalo hakulitenda.