Intaneti Ilikuwa Dunguni

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu. Nalisema hilo kwanza ili asiyelijua alijue, maana katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyewahi kufika huko. Mimi niliishia darasa la tatu. Kuandika kwangu ni kujikongoja, lakini kwa ajili yake nitaandika.

Alikuja likizo wakati mtama unatia maziwa, ndege wanashuka shambani kama mvua ya mawe. Akaingia uani macho yapo kwenye simu. "Shikamoo bibi," kidole kinasugua kioo. Sikuitika.

"Bibi, shikamoo!"

"Umeiamkia simu. Ngoja iitike."

Akacheka, akaitia mkobani, akapiga goti. Ndipo nikasema marahaba.

Mama yake alishanipigia. Mtoto amefeli, chuo kimempa nafasi ya kurudia mitihani akitoka likizo, na akifeli tena ndiyo basi, anarudi nyumbani. Simu imemla. Nikapiga hesabu zangu. "Mke mwenzangu," nikamtania mjukuu wangu, "kesho unalinda ndege. Beba na vitabu." Dungu letu lipo juu ya mwinuko, jukwaa la miti mirefu, ukikaa pale shamba lote unaliona. Nikajisemea, huko hakuna umbea. Atasoma, akichoka atapiga debe kufukuza ndege. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi nikasikia kimya. Mlinzi wa ndege hanyamazi, kwa hiyo nikaenda mbio. Ndege wamejaa kona nzima, masuke yamebaki kama miiba ya samaki, na mwanachuo wangu yuko juu anacheka peke yake na simu. Jirani yangu wa shamba la pili akapaza sauti: "Mama wee, hujui? Hapa kijijini kupiga simu unapiga popote, lakini intaneti inashika dunguni kwako tu! Vijana wote wanapanda hapo!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nimemchukua mlevi, nikampeleka kilabuni.

Yeye hakucheka. Alishuka, akaiona ile kona, akaanza kulia. Nikamuuliza bila kuzunguka: "Humo kuna nini kinachoshinda shahada?"

"Bibi, tulifika chuoni hatujuani. Chumbani kila mtu na simu yake. Ukizima yako, huna wa kuongea naye. Nikaweka picha, watu nisiowajua wakanisifu. Kesho yake nikataka tena. Wenzangu wanaonyesha nguo, wanaonyesha hoteli, mimi naona aibu nimetoka kwenye mtama. Naangalia wanavyoishi wao mpaka kipindi kinapita. Na kuiacha siwezi, matangazo ya darasa yanakuja humohumo."

Nilikuja na maneno makali, nikayameza. Mtoto alikuwa mpweke, akasifiwa. Hata mimi ukiusifu ugali wangu, nitakupikia tena. Lakini moja nililitoa: "Huo mtama unaouonea aibu ndio ulioyakuza hayo meno unayopigia picha."

Kesho yake kabla hajaenda shamba alinijia na simu imezimwa. "Bibi, nifichie hii." Mimi sikumwomba, naapa. Tukaifukia ndani ya kihenge, chini ya mtama wa mwaka jana. Rafiki yake wa darasani akapewa namba ya kitochi changu, awe anampigia kukiwa na tangazo. Siku za mwanzo mkono wake ulikuwa unapapasa kiunoni kama mtu aliyeacha ugoro. Halafu nikaanza kumsikia kutoka uani: anapiga debe, anawafokea ndege kwa maneno ya kitabu, Kiingereza kitupu. Ndege wa mwaka ule waliondoka wamesoma.

Likizo ilipokwisha akaifukua simu, akanipiga picha moja, akarudi chuoni kwenye mitihani yake. Kitochi kililia nikiwa mnadani Issuna, nauza alizeti.

"Shikamoo bibi. Nimefaulu yote."

Marahaba yangu waliisikia hadi kwenye mbuzi. Niliwatangazia wote, hata walionijia kwa bei tu.

Juzi jirani alipanda dungu langu na simu yake, akaniita. Mjukuu wangu ameweka picha huko mtandaoni. Siyo hoteli. Ni mimi, nipo dunguni na debe mkononi, na chini ameandika kwamba hapa ndipo alipotoka.

Nikamuuliza jirani wamesifu wangapi. Akaniambia. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia, wameongezeka.

"Haya, shuka nayo," nikasema. "Ndege hao."