Rangi Chini ni Nzima

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na wala si siku ya harusi yangu kama unavyodhani. Ni siku iliyoitangulia. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya chumba cha bibi yangu kule Mlali, chini ya milima, nimepakwa mafuta mwili mzima, na nimekatazwa kutoka wala kupaza sauti mpaka kesho yake. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na mwali alikuwa mwali kweli. Siku hizi namwona bibi harusi anakwenda mwenyewe sokoni kuchagua vitunguu vya pilau, nacheka tu.

Sasa wewe unayejiandaa kuingia kwenye nyumba yako, kaa kitako unisikilize. Sitakuchelewesha sana, ingawa mwenda pole hajikwai.

Unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukupenda mpaka basi, lakini siku ya kuolewa mkono wako unashikwa na mjomba. Yeye ndiye anayeingia chumbani, anakuinua, anakutoa nje mbele ya watu. Asipoingia, hutoki, na hakuna wa kumuuliza. Mama yangu alifariki mimi sijang'oa hata jino moja la utoto. Nikalelewa na bibi mzaa mama, na mahitaji yangu yote yalikuwa juu ya Mjomba Kasiani, kaka yake mama.

Mjomba Kasiani alikuwa akinunua kabichi na njegere huko juu milimani na kuziuza Morogoro mjini. Alijinyima sana, hata siku moja akanunua motokaa kutoka kwa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Gari lilikuwa limechakaa, akalipeleka likapakwa rangi upya, rangi ya maziwa. Mwanangu, mapenzi yale! Alikuwa akipita karibu nalo analipapasa kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake mwenye mimba. Akasema Paskazia atakwenda kanisani misheni ndani ya gari hili, wala hatakanyaga vumbi. Paskazia ndiye mimi.

Gari lilikuwa na kasoro moja tu. Springi zake zilikuwa zikilia. Kila shimo la barabara zinapiga ukelele, hata watoto wa Mlali walikuwa wakijua Mjomba anakuja akiwa bado ng'ambo ya mto, wanakimbia wakiigiza mlio ule. Mjomba alikuwa anacheka nao, lakini mimi najua ilimuuma.

Na aliyejua zaidi ni mchumba wangu, Fidelisi. Yeye kwao ni Matombo, upande wa pili wa mlima, na alikuwa akifanya kazi kwenye gereji pale mjini. Kijana mpole, mrefu, ana kucha ambazo weusi wake haukuwa ukitoka hata azisugue kwa nini. Mjomba hakuwa amemkataa, ila hakuwa amempokea kwa moyo mmoja. Alikuwa akisema, "Huyu anakaa chini ya magari mchana kutwa. Mtu anayekaa uvunguni ataona nini cha mbele?" Basi Fidelisi akaomba apewe lile gari, akalikague kabla ya harusi. Moyoni mwake alitaka kumpa mjomba wangu zawadi: kesho gari lipite njia nzima, kimya.

Dawa ya springi zama hizo ilikuwa oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo. Unaitia kwenye bomba la mkono, unalala uvunguni, unapuliza katikati ya vyuma, na kelele zinakufa. Lakini bomba likipuliza, si oili yote inayokwenda inakotumwa. Nyingine inapanda juu nyepesi kama ukungu wetu wa asubuhi, inatua popote. Ndiyo maana mafundi walikuwa wakilifunika gari magunia na mashuka mabovu kabla ya kuanza. Fidelisi naye alijua hivyo. Ila alikuwa na harusi kichwani, ana haraka ya kulirudisha, akaona apulize upesi upesi aondoke. Hakulifunika.

Kisha akaliendesha kutoka mjini mpaka Mlali, kiangazi, barabara ya vumbi jekundu. Unaliona hilo gari, mwanangu? Limepakwa mafuta, linapita kwenye vumbi. Lilifika uani kwetu kama samaki aliyevingirishwa kwenye unga anasubiri kikaango. Naye Fidelisi akashuka anatabasamu, maskini, hajatazama nyuma yake. Alichokuwa anasikiliza yeye ni springi, na springi zilikuwa kimya.

Uani kulikuwa na watu wengi. Wanawake walikuwa wakisugua masufuria makubwa ya shughuli kwa majivu na mchanga, wengine wanatwanga. Mimi nikachungulia kwenye ufa wa dirisha la mbao. Mwali hachungulii, lakini hilo tusilijadili leo.

Mjomba alilizunguka gari lote. Akapitisha kidole kwenye mlango, kikaacha mfereji mweusi. Akakitazama kile kidole.

"Fidelisi, hiki ni nini umeniletea?"

"Shikamoo, Mjomba. Nilitaka springi..."

"Marahaba ya nini! Nimekupa gari jeupe, unanirudishia tope! Hata chuma umeshindwa kukitunza siku moja, nami nikukabidhi mtoto wa marehemu dada yangu? Kwa mikono hiyo? Hebu itazame! Rudi kwenu Matombo. Kesho hakuna harusi."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Mitwangio ilinyamaza. Kwenye mawe ya jiko pombe ilikuwa ikichemka peke yake.

Nikwambie ukweli, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa hasira, na si kwa mjomba. Nilimkasirikia Fidelisi. Nilisema moyoni, umeniaibisha, wageni wamekwishafika, umeshindwa hata kufunika gari! Kisha nikamwona ameficha mikono yake nyuma ya mgongo. Kijana mrefu vile, amesimama mbele ya watu wote wa kwetu, ameficha mikono kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Kabla ya hapo nilimpenda kwa sababu alikuwa mzuri wa sura. Pale kwenye ufa wa dirisha ndipo nilipompenda hasa, na nikaogopa kumkosa. Ningetoka ningevunja mila, na ningepiga kelele wangesema mwali hana haya. Nikang'ata kanga.

Waliojaribu kuokoa jahazi ni wale wanawake wa masufuria. Waliionea huruma harusi, wakanyanyuka kwa umoja wao, huyu na konzi ya majivu, huyu na mchanga, huyu na kumbi la nazi. "Hilo ni jambo dogo, Kasiani! Hapa hata masizi ya miaka tunayatoa!" Na kweli, kwetu hakuna kilichoshindikana kwa majivu. Wa kwanza alikwishainama kwenye mlango wa gari.

Mjomba aliruka!

"Msisugue! Jamani, msisugue! Hii si sufuria! Mtakwangua rangi!" Akamshika yule mama mkono, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya kubembeleza. "Taratibu, mama. Uchafu uko juu tu. Rangi chini ni nzima. Hili linatakiwa lioshwe polepole, kwa upole, bila nguvu."

Bibi yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akajipangusa mapaja.

"Kasiani mwanangu."

"Naam, mama."

"Umesema uchafu uko juu tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na rangi chini ni nzima?"

"Ni nzima, mama, wasipoisugua."

Bibi akamwelekezea Fidelisi kidevu. "Na huyu je? Huyu uliyemwagia majivu na mchanga sasa hivi mbele ya wakwe zake, ulimtazama rangi yake ya chini kabla hujaanza kumsugua?"

Mwanaume mzima, mwenye motokaa yake, alitazama chini. Bibi naye hakumwongeza neno. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya bibi yangu: akikuosha, anajua pa kukomea. Akainuka, akaja chumbani kwangu akafunga mlango.

"Paskazia, nitafutie kitambaa laini. Laini kweli, kisicho na pindo gumu."

Ndani ya sanduku langu nilikuwa na kanga moja ya marehemu mama. Imefuliwa mpaka imekuwa kama hewa, hata jina lake halisomeki tena. Nilikuwa nikilala nayo utotoni. Nilikuwa nimepanga kuingia nayo nyumbani kwangu, nije nimpokelee mtoto wangu wa kwanza. Oili ikiingia kwenye nguo, haitoki. Nilijua hivyo. Lakini mwali hasemi, na nilikuwa na neno langu la kusema. Nikampa kanga iseme badala yangu. Bibi akanipangusa machozi kwa kidole gumba, akatoka nayo.

Huko nje Fidelisi alikuwa amekwishaanza. Akatoa mikono yake nyuma, akaomba maji kwa sauti ndogo. Kwanza akamwaga maji mengi kuanzia juu, debe baada ya debe, bila kugusa kwa kitambaa, ili vumbi litangulie kushuka lenyewe. Ukifuta vumbi likiwa kavu ni sawa na kusugua kwa mchanga. Akakwangua sabuni ya mche kwenye maji ya vuguvugu mpaka yakafanya povu. Bibi akampa kanga. Akaanza kwenye paa, sehemu ndogo ndogo, anafuta kwa mkono mwepesi, anaisuuza kanga kwenye ndoo nyingine, anamwagia maji, ndipo anasogea. Pale chini ya milango, oili ilipokuwa nene, akachovya ncha tu ya kanga kwenye mafuta ya taa, akaipitisha, na papo hapo akapaosha kwa sabuni yasije yakakaa.

Mjomba alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. Akaitazama kanga. Akasogea, akaitazama tena. Aliijua. Ndiye aliyemnunulia dada yake.

Nilidhani atapasuka. Lakini alivua koti, akakunja mikono ya shati, akamwambia Fidelisi, "Lete upande huo." Fidelisi akaogopa kumpa. Mjomba akashika ncha moja, Fidelisi ameshika ya pili, wakaikunja mara nne pamoja kama watu wanaokunja shuka. Wakafuta boneti wakiwa wawili. Mpaka jua linakwenda kuzama gari lilikuwa limerudia rangi yake ya maziwa, na mikono ya Mjomba Kasiani ilikuwa myeusi hadi kwenye kucha.

Asubuhi nilikaa juu ya mkeka nimevaa, nasikiliza hatua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kama harusi ipo. Kisha mlango ukafunguliwa. Mjomba akaingia, akanyoosha mkono, na weusi bado ulikuwa kwenye kucha zake. Alisema, "Inuka, mwanangu." Nikaushika mkono ule nikalia mpaka wakanipaka poda upya.

Njiani kwenda misheni tulipita kwenye mashimo yale yale ya siku zote. Gari lilipanda, likashuka, likayumba, na springi hazikutoa hata mguno. Watoto walichelewa kutuona. Tulipofika kanisani Fidelisi alikuwa anangoja mlangoni. Mjomba akashuka, akamwendea, akamshika bega.

"Halipigi kelele," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maombi ya msamaha ya Mjomba Kasiani, na Fidelisi aliyapokea kama yalivyo. Tangu hapo kila mwaka mvua zikiisha, Mjomba alikuwa akilipeleka gari kwake kupulizwa springi, na mashuka ya kulifunika anakuja nayo mwenyewe.

Kanga ya mama ilibaki na baka jeusi katikati. Niliwapokelea watoto wangu wote kwenye kanga ile, baka na yote. Na ndani ya nyumba yetu, nikikosea mimi, au akikosea yeye, sauti zikianza kupanda, mmoja wetu alikuwa akiuliza, "Rangi chini ni nzima?" Mwingine akajibu, "Ni nzima." Kisha ndipo tunagombana, maana kugombana lazima, lakini kwa maji ya vuguvugu. Siku zake za mwisho Fidelisi wangu hakuwa na nguvu ya kusema. Nilimuuliza swali letu, akanifinya kidole. Namkumbuka kila siku ya Mungu, sitakuficha.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mtu wako atakukosea, na mara nyingi atakukosea akiwa anakutafutia zawadi. Kuteleza si kuanguka. Kabla hujafungua kinywa, jiulize uchafu uko juu au umeingia ndani. Mara nyingi uko juu tu. Mwaga kwanza maji, yaani kaa kimya hasira itangulie kushuka. Kisha sema naye kidogo kidogo, kwa neno laini, mkiwa wawili, na ukifika kwenye rangi yake, koma. Doa hutoka kesho hata keshokutwa. Rangi uliyoikwangua mbele za watu hairudi, hata ununue nyingine ukapake.

Na ukiwa na kitu laini ulichokiweka sandukuni kwa ajili ya siku njema, usione hasara kukitoa siku mbaya.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyeipa milima yetu maji yasiyokauka akujalie ulimi wenye maji. Mkono utakaokushika ukutoe nje usikuachie njiani. Na siku mtakapochafuana, Mola awape wote wawili macho ya kuona rangi ya chini. Amina.