Askari Aliyekataa Kuwa Malkia

Saa nne asubuhi, Jumamosi, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, Wendell Aho anachungulia kompyuta yake, ananyoosha mkono na kumsogeza mfalme wa mbao nyumba moja, yaani mraba mmoja wa ubao, kushoto. Kisha anafumba macho kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Askari wake, kile kipande kidogo kuliko vyote katika sataranji, amebakiza nyumba moja tu afike mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Njia ni nyeupe. Mtoto wa chekechea angemsukuma.

Lakini anayecheza si Wendell. Anayecheza ni Agate, programu aliyoiandika mwenyewe, na sheria haina huruma: binadamu ni mkono tu. Programu ikisema mfalme, mkono unasogeza mfalme.

"Msukume huyo askari, bwana, mbona unanitesa?" anasema Gordy Maki, mpinzani wake, huku akijimiminia kahawa.

"Siyo mimi. Muulize yeye," Wendell anajibu, akiionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Nimuulize nini? Karithi ukaidi wako."

Wendell, mwenye umri wa miaka sitini na minne, ni fundi wa magari ya manispaa ya kukwangua theluji. Gordy ni dereva wa treni mstaafu, naye ana programu yake, aliyoipa jina la mbwa wake aliyekufa, Rusty. Kila Februari wanakutana hapa, na kila Februari Wendell anarudi nyumbani ameshindwa.

Mwaka huu kushindwa kutakuwa na uchungu wa pekee. Gordy na mkewe, Doreen, wameuza nyumba na wanahamia Arizona, kwa kuwa magoti ya Doreen hayataki tena baridi. Wendell asiposhinda leo, hajui atashinda lini, na halifichi hilo.

"Nimelala na hii programu kichwani majira yote ya baridi," anasema. "Nataka nimpige huyu mzee mara moja tu kabla hajaondoka."

Kazi yote aliifanya kwenye askari. Anasema programu za kale zilimhesabu askari kwa bei moja tangu mwanzo hadi mwisho, na huo ndio ulikuwa ujinga wao.

"Chukua koleo la theluji," anaeleza. "Julai, wakati wa joto, linakukera gereji. Januari, jirani anakuja kuliomba kwa unyenyekevu. Koleo ni lilelile. Askari naye yuko hivyo."

Kwa hiyo Agate humpa kila askari pointi mia moja, kisha humwongeza au kumpunguza. Waliopangana mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, wanazuiana, basi wanakatwa pointi. Asiye na mwenzake wa kumlinda anakatwa pia. Asiye na adui wa kumzuia mbele anapanda bei, na kadiri anavyosogea, na vipande vikubwa vinavyopungua ubaoni, ndivyo anavyozidi kupanda.

Sasa askari wa Wendell amepanda, na hasogei. Agate inamzungusha mfalme wake huku na huku kana kwamba ina siku nzima. Gordy hana haraka. Analeta ngome yake, kipande kinachokwenda kwa mistari iliyonyooka, taratibu hadi inailenga nyumba ile ya mwisho. Hatimaye, askari akikaribia kuliwa, Agate inakubali kumvika taji, na papo hapo ngome inammeza malkia mpya. Mchezo wa kwanza unaisha sare.

Masikio ya Wendell yamekuwa mekundu.

Wakati wa chakula, nyama na viazi vya kuoka alivyoleta Doreen vikipoa mbele yake, Wendell anafungua programu na kujumlisha. Nyongeza ya njia nyeupe, nyongeza ya kukaribia mwisho, nyongeza ya vipande vichache. Kila moja ina akili. Wiki iliyopita aliongeza nyingine, ya mfalme anayesimama karibu na askari wake, na hakupiga hesabu upya.

"Malkia nimempa mia tisa," anasema polepole. "Askari anayekaribia kuwa malkia amefika mia tisa na arobaini. Kwa Agate, kumgeuza malkia ni hasara."

Doreen anacheka hadi anashika meza. "Kwa hiyo kukaribia kumekuwa kutamu kuliko kufika?"

"Kula, Wendell," anasema Gordy. "Rekebisha, halafu ule. Sitaki kumfunga mtu mwenye njaa."

Wendell anaweka kikomo: askari, hata abembelezwe vipi, asizidi nusu ya malkia. Mchezo wa pili unachukua alasiri nzima. Askari wa pembeni wa Agate anaachwa bila adui wa kumzuia, na safari hii anakwenda moja kwa moja. Malkia anazaliwa. Rusty inasalimu amri.

Gordy anatazama ubao, anatoa mkono. Wendell anaushika na kusahau kuuachia.

"Haya, umenipiga," anasema Gordy. "Na unajua kanuni yetu. Aliyeshindwa ndiye anayechagua mahali pa mchezo ujao."

Miaka yote hiyo aliyechagua ni Wendell, akachagua ukumbi huu kwa sababu uko karibu na karakana anakofanyia kazi.

"Arizona," anasema Gordy. "Februari."

"Februari theluji imejaa. Hakuna fundi anayepewa likizo Februari."

"Basi acha kuwa fundi. Muda wako wa kustaafu ulishatimia, unaukalia tu."

Wendell anaanza kuvirudisha vipande kwenye sanduku kimoja kimoja. Doreen anamfungia viazi vilivyobaki.

"Jumatatu naenda kuongea na msimamizi wa karakana," Wendell anasema mwishowe. "Doreen, niandalie kitanda. Nikija kumpiga mumeo tena, silali kwenye gari."